Kanuni ya Nne: Kichwa Hakiguswi

Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza pale mezani, ninyi vijana mliorithi kiti changu chenye mguu mmoja mfupi. Nimekubali, ingawa najua mtasoma ukurasa wa kwanza kisha mrudi kwenye simu zenu. Sitasimulia nilivyopanda cheo, maana ofisi yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye ofisi na mimi, na kile cha kwanza kilikuwa na mtu.

Kwa yeyote atakayeokota karatasi hizi bila kunijua: naitwa Hami, mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka ishirini na ushei nimefanya kazi katika ofisi ndogo ya safari hapa ughaibuni, Takoma Park, ghorofa ya juu ya saluni ya kusuka nywele, karibu na stesheni ya treni. Tulipeleka watu Kambodia. Kuna waliokwenda kuona mahekalu ya kale, kuna waliokwenda kufanya utafiti wa shahada zao, na kuna waliokwenda kuwaokoa Wakambodia bila kuombwa. Kazi yangu mimi ilikuwa darasa la Jumamosi, ambamo wote hao walifundishwa adabu za Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, kabla ya kupanda ndege. Baadhi yao walihitaji kwanza kufundishwa adabu za kwao.

Siku ya kwanza nilimkuta mwenye ofisi, Sokha, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, akikata picha za pasipoti kwa mkasi ambao mpini wake ulikuwa umefungwa utepe mweusi. Nikamwita Madam. Hakuitika. Akaniuliza umri wangu, nami nikakasirika kimoyomoyo, maana nilidhani ananiona nimezeeka kwa kazi. Kumbe kwao huwezi kujua umwiteje mtu mpaka ujue nani mkubwa. Alikuwa amenizidi miaka sita, basi tangu dakika ile akawa Bong Sokha, yaani dada mkubwa, na mimi nikawa mdogo wake. Nikaona hapa nimefika kwa watu. Kwetu nako mtu akikuita kwa jina tupu ujue kuna ugomvi.

Akanikabidhi karatasi ya njano. Ninyi mnaijua, ile mnayoitolea kopi mpaka leo. Aliipiga chapa mwenyewe, kanuni ishirini na mbili. Vua viatu mlangoni. Usimwelekezee mtu nyayo zako, wala sanamu ya Buddha. Toa na upokee kwa mikono miwili. Salamu ni viganja viwili kukutana kifuani, na vinapanda kadiri unayemsalimia anavyozidi kuheshimiwa. Mwanamke asimguse mtawa wa kiume. Usipandishe sauti, maana anayefoka ndiye anayeaibika. Usikanyage noti iliyokudondoka, ina picha ya mfalme. Na ya nne: kichwa hakiguswi, hata cha mtoto, kwa sababu kwa Wakhmer hapo ndipo mahali pa heshima kuliko pote mwilini.

Nikaisoma mara mbili, nikamuuliza, na harusi je? Mbona kuna kanuni za hekaluni, za sokoni, za kwenye bajaji, na hakuna ya harusini? Akasema watalii hawaendi harusini. Kisha akageukia mashine ya kubana karatasi, akaanza kuigonga kana kwamba imeharibika, na haikuwa imeharibika. Sikuuliza tena. Nilikuwa mgeni kazini na nilihitaji ile kazi.

Nikakariri karatasi nzima kwa wiki mbili. Jumamosi ya kwanza nilisimama mbele ya wataalamu watano wa maendeleo kutoka mjini, watu ambao huandika ripoti kuhusu nchi kabla ya kuiona. Mmoja alichukua dakika ishirini kuelewa kwa nini avue viatu. Aliuliza kama ni suala la afya ya jamii. Mswahili hahitaji somo hilo. Mwambie kuna zulia, basi, amekwishavua.

Sasa nikiri jambo. Wakati wote huo sikuwahi kufika Kambodia. Mwanzoni makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika, nikitoka sirudi. Yalipokamilika, mama alikuwa anaumwa Tanga, kila likizo ikaishia huko. Baadaye ilikuwa aibu kwenda, maana kila mtu aliamini nimekwisha kwenda. Wateja walirudi na visa vyao, nami nikavihifadhi, na Jumamosi iliyofuata nikavisimulia. Bajaji iliyozimika katikati ya mvua, dereva akanivulia skafu yake ya mirabamiraba nijifunike: kile kisa kilikuwa cha mwalimu mmoja wa Bethesda. Mimi nilikisimulia vizuri zaidi. Ilifika mahali nasema "kule kwetu Siem Reap" na sioni haya.

Bong Sokha alijua. Alikaa meza ya pili akikata picha zake, akinisikiliza nikinyeshewa na mvua ya mtu mwingine, na hakusema neno. Siku moja tu, darasa lilipotawanyika, alinishauri niongeze matope, kwa sababu barabara ile siku hizo ilikuwa na matope mengi.

Wateja wa kwetu walikuja kidogo kidogo, kisha kwa makundi. Watanzania walitaka kujua habari ya nyama ya halali, na nikawaambia kule kuna Waislamu wa Kicham, watafutwe. Mkongo mmoja alisafiri na suti ya vipande vitatu mwezi wa nne, mwezi ambao jua la kule halina huruma, na alirudi nayo bila kuivua, angalau kwa mujibu wa picha. Wakenya walificha unga wa ugali kwenye mabegi. Nikiwaambia kule watakula wali asubuhi, mchana na jioni, na kwamba kuulizwa kama umeshakula wali ndiyo namna ya kusalimiwa, walinitazama kwa huzuni.

Kisa kilichonifundisha ukali kilikuwa cha mchungaji mmoja wa Landover. Alikuja na waumini kumi na wanane waliovaa fulana za rangi moja. Niliwafundisha kanuni zote, akaandika, akaitikia amina kwa kila moja, hata ile ya choo. Wakafika kijijini, wakapangiwa kutazama shule, na mchungaji akashikwa na roho. Akawawekea watoto mikono kichwani, mmoja baada ya mwingine, mstari mzima. Walipoisha watoto akahamia kwa wazee. Bibi mmoja wa miaka themanini alikimbia. Mchungaji aliporudi alinieleza kwa furaha kwamba yule bibi aliguswa kweli kweli.

Mwenyeji wao alimpigia Bong Sokha simu. Sikuelewa Kikhmer chao lakini nilielewa sauti. Alipokata aliniuliza jambo moja tu, kama kanuni ya nne niliisoma kwa sauti au niliipita. Niliisoma. Basi, akasema, hukuisoma vya kutosha.

Nikashuka saluni. Dada wa pale, Mkameruni, alikuwa na kichwa cha plastiki cha kufundishia kusuka, chenye nywele ndefu na jicho moja lililofutika. Nikakiazima na sikukirudisha. Tangu siku hiyo kila darasa lilianza kwa kichwa kile kukaa mezani, na kila msafiri alipita mbele yake mikono nyuma kama mahabusu. Aliyenyoosha kidole alirudi mwanzo wa mstari. Niliwauliza kwa ghafla katikati ya somo la viza: mtoto anakuletea kichwa umbariki, unafanya nini? Walijibu kwa pamoja: hakiguswi. Mtoto analia? Hakiguswi. Kuna mdudu juu yake? Kulikuwa na ubishi hapo, lakini nilishikilia msimamo. Mchungaji alikuwa amemaliza nusu ya heshima yetu, mimi nikaapa hatapatikana mwingine. Nilijiona mwalimu hodari. Ninyi mliokikuta kile kichwa kabatini mkadhani ni cha mapambo, sasa mmejua.

Mwanafunzi wangu bora kuliko wote alikuwa Mama Kibet.

Mama Kibet ni Mkenya wa Eldoret, muuguzi msaidizi anayehudumia wazee Landover, mwanamke mrefu asiyependa mzaha. Mwanawe Kibet alikutana na binti wa Kikhmer, Dara, chuoni College Park. Wakapendana, na harusi ikapangwa ifanyike kule kwao Dara, kwa sababu bibi yake hawezi tena kusafiri, na bila bibi hakuna harusi. Mume wa Mama Kibet alikwishafariki. Kwa hiyo upande wote wa bwana harusi, ukoo na wazee na maneno ya heshima, ulikuwa ni yeye peke yake. Aliniambia hilo siku ya kwanza. Watu wa Dara walikuwa wapole lakini hawakuwa na uhakika naye, na yeye aliogopa kosa moja litamfanya awe mgeni kwa mkwewe na kwa wajukuu maisha yake yote.

Alihudhuria darasa mara nne. Mara ya tatu alianza kuwasahihisha wengine. Alijifunza salamu mbele ya kioo kazini, na wazee aliowahudumia wakawa wanamrudishia. Mbele ya kichwa cha plastiki alipita mikono nyuma na macho chini. Nilimwambia mbele ya darasa kwamba huyu ataniletea sifa.

Jioni ya harusi, yaani jioni kwetu na asubuhi kwao, nilikuwa jikoni nikikuna nazi ya wali. Simu ikalia. Alikuwa Mama Kibet, ananong'ona, na nilisikia maji yakichuruzika. Alikuwa amejifungia msalani.

"Dada Hami, wananipea mkasi," akasema. "Wanataka nikate Kibet na Dara nywele. Mbele ya watu wote. Na wewe ndio ulisema kichwa haishikwi."

Nikamuuliza amewajibu nini. Alikuwa amewajibu nilivyomfundisha: alirudisha mikono nyuma, akainama, akatabasamu, akakataa. Wakamsogezea mkasi tena. Akakataa tena kwa adabu zaidi. Ngoma ikanyamaza. Kibet, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na bibi harusi, alimwambia kwa Kiingereza afanye tu, lakini yeye hakumsikiliza, maana watoto waliokulia hapa kwao kila kitu ni sawa. Kisha bibi ya Dara akasema jambo, na mjomba mmoja akalitafsiri: alikuwa anauliza kama mama wa kijana hamtaki binti yao.

"Sasa wanangoja," akasema. "Nikate au nisikate?"

Miaka yote ile nilikuwa na jibu kwa kila swali. Nikaitafuta karatasi ya njano kichwani, kanuni ya kwanza hadi ya ishirini na mbili, na mkasi haukuwamo. Nikatafuta kwenye visa nilivyokusanya kwa wateja. Hakuna hata mmoja aliyealikwa harusini. Niliogopa, nawaambia ukweli. Ningeweza kubahatisha, na sauti yangu ingemtuliza, kwa sababu ilikwisha kuzoea kutuliza watu kwa mambo nisiyoyajua. Lakini hapa kulikuwa na mkwe wa mtu.

"Mama Kibet," nikasema, "sijui. Mimi sijawahi kufika huko."

Nikamsikia akifunga bomba la maji.

"Hujawahi fika? Na ile story ya bajaji na mvua?"

"Ilikuwa ya mwalimu wa Bethesda."

"Hiyo tutaongea nikirudi," akasema. "Sasa hivi tafuta mwenye anajua."

Nikampigia Bong Sokha. Alikuwa amestaafu miaka michache kabla yangu, anaishi na mumewe Vuthy kwenye fleti hatua chache kutoka ofisini. Nikamweleza mbio mbio: harusi, mkasi, bibi, msalani. Nilitegemea atanikatiza, ndiyo tabia yake. Hakunikatiza. Aliningoja nimalize.

"Mwambie akate," akasema. "Siku hiyo ndiyo kichwa kinaguswa. Wazazi wanakata kidogo, au wanajifanya wanakata, wanawapulizia manukato, wanawaombea mema. Asipokata, ni kama hajawaoza. Mwambie aende haraka, na atabasamu."

Nikampelekea Mama Kibet maneno yale kama yalivyo. Akakata simu bila kuaga. Baada ya hapo, na sijui nilipata wapi ujasiri, nilimpigia tena Bong Sokha nikamuuliza mbona miaka yote ile hakuniambia.

"Kwa sababu mimi sikukatwa," akasema, akanitakia usiku mwema.

Wali wangu uliungua. Saa moja baadaye ikaingia picha: Mama Kibet, mrefu kuliko kila mtu, mkasi mkononi, bibi amemshika kiwiko, na wote wawili wanalia. Chini yake kulikuwa na ujumbe kwamba bibi sasa anamwita yeye "binti yangu", na kwamba darasa langu ni la uwongo. Alirudi baada ya wiki mbili, akapanda ngazi hadi ofisini, akanisema mbele ya wateja sita bila kupumzika. Kisha akanipa skafu ya mirabamiraba. Alisema sasa angalau niwe na kitu kimoja ambacho kweli kimetoka huko.

Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja kustaafu. Siku ya mwisho mlinikatia keki, asanteni, ingawa ilikuwa tamu kupita kiasi. Kesho yake nilikwenda kwa Bong Sokha na karatasi ya njano, kalamu, na ule mkasi wake wa ofisini, ambao niliuiba kama kumbukumbu, mnaweza kuacha kuutafuta. Nilitaka anisomee kanuni ya ishirini na tatu, ya harusi, niwaachie kazi iliyokamilika.

Shemeji Vuthy alikuwa kwenye kochi akitazama mpira wa magongo. Bong Sokha aliitazama picha ya Mama Kibet muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akamtazama bibi, akautazama mkasi. Halafu akanisimulia. Zamani zile za mauaji kule kwao, wakati kila mtu alitumwa kwenye kambi za mashambani na kila kitu cha kale kilipigwa marufuku, wakubwa wa kambi waliita majina. Jozi kumi na moja, zote zimevaa nguo nyeusi, zikapangwa mstari. Yeye na Vuthy walikuwa hawajuani hata majina. Wakaambiwa washikane mikono na waseme wanakubali. Hakukuwa na mzazi, wala ngoma, wala mkasi. Kesho yake alfajiri walirudi kuchimba mfereji. Wengi katika wale waliachana vita vilipokwisha. Wao walikuwa hawana mtu mwingine aliyebaki, basi wakakaa.

Niliona uchungu, na niliona aibu. Miaka ishirini nimekaa na mwanamke huyu meza kwa meza, nikiwafundisha watu nchi yake, na swali moja la maana nililowahi kumuuliza nililiacha aliposhika mashine ya kubana karatasi.

Akaniuliza kama mkasi ninao. Nikautoa. Akavua miwani, akamwambia mumewe kitu kwa Kikhmer. Shemeji alizima televisheni kwa kinyongo, timu yake ilikuwa inaongoza, akasogea karibu naye. Nikasema mimi si mzazi wao, si Mkhmer, wala Kambodia bado sijafika, kama kawaida. Bong Sokha alisema nimekula wali kwake mara nyingi za kutosha.

Nikasimama nyuma yao. Nawaambia, mikono yangu ilirudi nyuma yenyewe kama darasani. Nilikuwa nimewatisha watu wengi mno kwa kanuni ile hata mwenyewe nikaishika. Kisha nikagusa kichwa cha Bong Sokha, nywele zake nyepesi za mvi, nikafumba na kufumbua mkasi karibu na sikio bila kukata. Nikahamia kwa shemeji. Yeye hana hata unywele mmoja, ana upara tangu nilipomfahamu, kwa hiyo nilikata hewa kwa uangalifu mkubwa. Manukato hayakuwapo, nikawapulizia yangu ya mkobani, ya udi, shemeji akapiga chafya. Nikawaombea kwa Kiswahili maisha marefu na masikilizano, ingawa kwa hilo la kwanza walikuwa wameshajitahidi.

Bong Sokha akamgeukia mumewe, akamuuliza jambo fupi. Kisha akanitafsiria bila kunitazama: alikuwa amemuuliza kama anakubali. Kule kambini walilazimishwa kujibu, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza.

Shemeji Vuthy alifikiri. Alifikiri kwa muda ambao mke mwingine angeondoka. Halafu akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha mkewe, akauacha hapo.

Mimi nikaenda jikoni kutafuta ufagio, ingawa hapakuwa na nywele za kufagia.